Pichi, plamsi au aprikoti? Nimeuziwa nini sokoni? Wajuzi wa matunda ya kokwa njooni huku

#1 MamaVikombe

Wakuu habari za jioni, na poleni na joto la mji wetu.

Mimi nauza matunda ya kukatakata hapa Dodoma. Asubuhi napeleka vikombe vya tikiti, nanasi na papai maofisini, wikiendi napika jamu na achari za oda. Wiki iliyopita dada mmoja mteja wangu, mtu mwenye hela yake na mdomo wake, kaniagiza chupa sita za jamu ya aprikoti. Aprikoti sijawahi kuipika, na nikisema ukweli sijawahi hata kuishika mkononi. Lakini oda ni oda. Nikaitikia "haina shida dada", nikaingia sokoni.

Nikamkuta kijana ana ndoo za matunda ya nchi za baridi. Nikamuuliza, aprikoti unazo? Hata hakupepesa macho. "Hizi hapa mama, aprikoti za Mgeta, zimeshuka alfajiri ya leo." Vitunda vyenyewe vidogo, ukubwa wa ndimu iliyonona, vya njano vyenye wekundu shavuni, vina vinyweleo. Ndoo ndogo 25,000. Nikabeba.

Nimehangaika nazo kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi. Kwanza nyama haitaki kuachana na kokwa, nimekwangua kwa kisu mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge. Pili jamu haikushika, ilikaa tu kama uji wa mgonjwa. Nikaipeleka hivyohivyo, nikijipa moyo labda aprikoti ndivyo zilivyo.

Dada akafungua chupa, akachovya kijiko, akanitazama. "Mama, hii ni pichi." Nikabisha. Nikabisha sana, Mungu anisamehe. Akauliza makokwa yako wapi. Yalikuwa bado kwenye ndoo ya maganda kwangu, na yeye anakaa mtaa wa pili tu, tukaongozana. Akaokota moja, akalisuuza bombani, akaniwekea kiganjani. "Unaona lilivyojikunja? Kama ubongo. La aprikoti ni laini, kama kokoto la mtoni."

Nikakosa la kusema. Akachukua chupa tatu kwa huruma, tatu ninazo hapa.

Sasa naomba mnisaidie: pichi, plamsi, aprikoti, nektarini, cheri, mtu anazitofautishaje kwa macho na kwa ulimi kabla hajatoa hela? Natanguliza shukrani.

#2 Kijana wa Ilazo

Weka picha ya hilo kokwa mama, tusibishane hewani.

#3 Mpenda Dezo

Hizo chupa tatu zilizobaki nitumie mimi nikazihakiki kwa mkate wa moto. Nitaleta ripoti hapahapa.

#4 Mluguru wa Nyandira

Mama pole sana. Mimi ni mtoto wa Mgeta, miti ya pichi nimeikwea kabla sijajua kusoma. Kwetu kuna pichi, plamsi, peasi, tufaha na stroberi. Aprikoti mimi kwetu sijapata kuuona hata mti mmoja. Huyo kijana alikuuzia jina.

Nikuanzie na ngozi. Pichi ina vinyweleo, kama ulivyosema, ukiisugua shingoni unajikuna. Plamsi haina unywele hata mmoja, inateleza, ila ikiwa imetoka mtini karibuni utaiona ina kaunga keupe juu kama vumbi. Ukipitisha kidole kanafutika na chini panang'aa. Watu wa mjini wanakaogopa, wanasema dawa. Ni nta ya tunda lenyewe. Mimi nikikuta plamsi inang'aa kote kama kiatu cha bwana harusi najua imepita mikono mingi, na pengine ina siku nyingi.

Mdomoni: plamsi ngozi yake chachu, nyama tamu yenye maji ya kukuchuruzika mpaka kiwikoni, halafu ukikaribia kokwa uchachu unarudi. Ndiyo maana mtoto akila ya kwanza anakunja uso, na bado anaomba ya pili. Pichi uchachu wake ni mpole, kinachoitambulisha ni harufu. Pichi iliyoiva ukiiweka chumbani usiku, asubuhi unaamka unaisikia kabla hujafumbua macho. Isiyonukia hata ukiigusisha pua, iache.

Na usidanganywe na rangi. Ule wekundu shavuni ni upande uliopigwa na jua, basi. Angalia palipokuwa na kikonyo: pakiwa kijani, tunda lilichumwa bichi. Pakiwa njano au rangi ya maziwa, limekomaa mtini.

Kuhusu kokwa, mteja wako kasema kweli tupu. La pichi lina mifereji na mashimo, ukilishika gizani unalijua. La plamsi ni bapa kidogo, limechongoka ncha, halina mifereji kama hiyo. Na ile shida yako ya kukwangua ni kwa sababu kuna pichi za aina mbili: kuna ambayo ukiipasua kwenye ule mstari wake na kuizungusha, nusu mbili zinaachana na kokwa linabaki peke yake, na kuna ambayo nyama imeling'ang'ania kokwa kama kupe. Zile ndogo ngumu za kwetu nyingi ni za kung'ang'ania. Tamu, lakini si za mpishi mwenye haraka.

#5 MamaVikombe

Asante sana kaka. Hapo kwenye kikonyo nilikuwa sijui kabisa, mimi nilikuwa nachagua wekundu. Sasa zile zilizochumwa bichi, nikizifungia kwenye gazeti na ndizi mbivu hazipati utamu?

#6 Mluguru wa Nyandira

Kulainika zitalainika, na harufu kidogo itakuja. Sukari haiongezeki. Usizifananishe na embe: embe lililokomaa lina wanga ndani, ukilivundika ule wanga unageuka sukari. Pichi haina akiba hiyo. Sukari iliyoondoka nayo mtini ndiyo hiyohiyo utakayoila.

#7 Fundi wa Sufuria

Naongezea upande wa jiko maana huyo ndiye mimi. Jamu yako haikushika kwa sababu pichi ina pektini kidogo. Pektini ni ile kitu inayofanya jamu igande. Plamsi, hasa zenye uchachu, zimejaa pektini, ukizipika na sukari zinaganda zenyewe kama umetia gundi. Pichi unaisaidia: ndimu, au unachanganya na tufaha kali kidogo. Mimi robo ya sufuria naweka plamsi, inashika na rangi inapendeza. Ila hiyo usiiite aprikoti!

#8 Kijana wa Ilazo

Kwani nektarini si pichi iliyochanganywa na plamsi? Ndiyo maana ina ladha ya pichi na ngozi ya plamsi. Nimeiona supamaketi, imetoka Afrika Kusini, bei yake unanunua kuku.

#9 Nilisoma Uturuki

Hapana mkuu, hilo linasemwa sana lakini si kweli. Nektarini ni pichi kamili, imekosa tu vinyweleo. Ni tofauti ya jeni moja tu ya urithi. Inatokea mti wa pichi ukatoa tawi lenye nektarini bila mtu kuuchanganya na chochote. Lipasue uangalie kokwa: mifereji ileile ya pichi. Ingekuwa na damu ya plamsi kokwa lingekusimulia.

Machotara wa kweli wapo, lakini ni wa plamsi na aprikoti. Mmarekani mmoja, Luther Burbank, ndiye aliyevuma kwa kazi hiyo California, na ndiye aliyetoa plamsi maarufu ya Santa Rosa mwaka 1906. Plamsi za aina ya Santa Rosa huwa zinaitwa za Kijapani ingawa asili yake ni China. Ni za duara, zenye maji. Plamsi za Ulaya zimerefuka kama yai, nyama yake kavu kidogo, ndizo zinazokaushwa zikawa zile nyeusi za kusaidia choo.

Sasa aprikoti yenyewe, maana uzi huu wote hakuna aliyeielezea. Nimekaa Uturuki miaka minne, na mji wa Malatya kule ndio mama wa aprikoti kavu. Mbichi ni ndogo, inajaa kiganja cha mtoto, rangi ya chungwa kuanzia ngozi mpaka ndani. Ukiishika inafanana na mahameli: si vinyweleo vya kukuwasha kama pichi, wala si utelezi wa plamsi. Ukiiminya kwa vidole viwili kwenye mstari wake inafunguka yenyewe, kokwa linadondoka safi, bapa, laini, na pembeni lina ukingo mkali kidogo kama mshono. Mama angeshika aprikoti ya kweli asingetoka lengelenge.

Ladha yake ndiyo inayowachanganya wageni. Haina maji. Mtu aliyezoea pichi akiuma aprikoti anaona kama imekauka, halafu utamu unakuja taratibu na uchachu kwa nyuma. Mimi mara ya kwanza nilidhani nimeuziwa mbovu. Ukiipika ndipo unaijua, inakuwa kali na nzito kuliko ilivyokuwa mbichi.

Na zile kavu zinazouzwa madukani: za rangi ya chungwa inayowaka zimefukizwa kwa salfa ili rangi isipotee. Zisizofukizwa ni za kahawia, sura mbaya, utamu kama wa tende. Mimi nanunua za kahawia.

#10 Mama Kisasa

Jamani mimi nataka kuuliza, kwani plamsi si ndiyo matunda damu?

#11 Kijana wa Ilazo

Matunda damu ni yale yenye mbegu nyingi ndani kama nyanya.

#12 Mama Kisasa

Kwetu matunda damu ni plamsi. Nimeuziwa hivyo miaka yote.

#13 Mluguru wa Nyandira

Nyote mko sawa, maana jina hilo kila soko linalivisha tunda lake. Lipasue. Ukikuta kokwa moja, ni plamsi. Ukikuta mbegu kibao zinaelea kwenye majimaji, ni ile nyanya ya mti, ukoo wake na nyanya na bilinganya, haihusiani kabisa.

#14 Veyula Farm

Wakuu nina ekari mbili Veyula, kisima kipo. Nisipande hizi pichi badala ya zabibu? Ndoo ndogo 25,000 si mchezo.

#15 Bwana Shamba Mstaafu

Kijana, kaa na zabibu zako. Hii miti ya ukoo wa pichi na plamsi lazima ilale usingizi wa baridi ndipo iamke ichanue. Wataalamu wanahesabu saa za baridi, zile za chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za Ulaya na Marekani zinadai mamia ya saa, nyingine zinakaribia 1,000. Zipo aina zinazoridhika na baridi ndogo, ndizo zinazobeba Lushoto, Mgeta, Njombe na Makete kule juu. Dodoma tuko kama mita 1,100 tu kutoka usawa wa bahari. Julai tunajifunika blanketi na kulalamika, lakini nyuzi 7 hatuzioni. Utapata mti wenye majani mazuri, utapumzika kivulini mwake, matunda utanunua sokoni kama sisi.

Cheri ndiyo kabisa. Hiyo inataka baridi ya kweli. Na mama, kwa kuwa uliuliza cheri: ni kitunda kidogo cha duara chenye kikonyo kirefu chembamba, kokwa lake duara na laini kama punje ya shanga. Zile nyekundu za juu ya keki usizihesabu. Nyingi si cheri, ni papai au matunda mengine yaliyochemshwa kwa sukari na kutiwa rangi. Cheri ya kweli iliyohifadhiwa utaona tundu palipotolewa kokwa. Kipande kikiwa kigumu kote, pembe nne nne, umekula papai.

Zabibu, kwa faida ya wengine, si tunda la kokwa. Zile ni mbegu.

#16 Babu wa Chilonwa

Mbukwenyi.

Nimesoma uzi wote. Mnahangaika na matunda ya Uturuki ilhali ya kokwa mnayo hapahapa porini, mnayapita na mapikipiki yenu.

Embe ni tunda la kokwa. Mnajua hilo? Ngozi, nyama, kokwa gumu, ndani ya kokwa mbegu. Mpango ni uleule wa pichi. Na ndugu yake wa damu ni ng'ongo, ile ya njano inayoanguka yenyewe chini ya mti. Ngozi yake ngumu kama ngozi ya kiatu, unaitoboa kwa jino, unaminya, nyama nyeupe yenye ute inateleza mdomoni pamoja na kokwa. Huitafuni, unainyonya. Chachu, tamu, inanukia. Kokwa lake ukilikausha utaona lina vidirisha viwili vitatu, ukivibandua kwa msumari ndani mna kipande cheupe chenye mafuta. Sisi tukichunga ng'ombe hicho ndicho kilikuwa karanga zetu. Afrika Kusini wanaitengenezea pombe yenye picha ya tembo, wanawauzia kwenye mahoteli.

Kuna mtundwe. Tunda lake likiiva ni jekundu lenye madoa meupe meupe, ukiliona unasema hii ndiyo plamsi yenyewe. Uma uone! Uchachu wake unakufumba jicho moja, hasa karibu na ngozi. Kokwa kubwa, limejaa mafuta, wazee walilainishia ngozi.

Kuna kunazi, ikiwa mbichi ina ukakasi, ikiiva inakuwa kama tufaha lililokauka, unga unga. Kuna mkole, kile kitunda cha kahawia ambacho ni kokwa tupu limevalishwa shati la sukari. Unakula mia hushibi, lakini huachi.

Mjukuu wangu anaishi Area D, kaniuliza kunazi ni "cheri za Dodoma?" Nikanyamaza tu.

#17 Kijana wa Ilazo

Shikamoo babu. Na zambarau je? Si ndiyo plamsi yetu? Ina kokwa moja, zambarau, chachu.

#18 Babu wa Chilonwa

Marahaba. Zambarau muulize msomi, mimi najua tu inapaka ulimi rangi na watoto hawawezi kukana kwamba wameiba.

#19 Nilisoma Uturuki

Hahaha babu umenimaliza.

Zambarau inafanana na plamsi kwa rangi, ukoo ni mwingine kabisa, ni jirani wa mkarafuu na mpera. Ulimi unazitenganisha haraka: zambarau ina ukakasi, inakukausha mdomo kama umelamba chaki, na inaacha rangi. Plamsi inakujaza mate. Pia ndani ya zambarau hakuna lile ganda gumu kama mbao, ni mbegu yenye ngozi nyembamba, unaweza kuikata kwa kisu cha jikoni. Kokwa la plamsi utavunja kisu.

#20 Nesi Mstaarabu

Nimeona babu anasimulia kubangua makokwa, naomba niseme neno kabla mtu hajajaribu kwa pichi. Ng'ongo sawa. Lakini kiini cha ndani ya kokwa la pichi, plamsi, aprikoti na cheri kina kemikali ambayo ikitafunwa inatoa sianidi, sumu ileile ya muhogo mchungu. Ukimeza kokwa zima kwa bahati mbaya halina neno, litapita. Hatari ni kulivunja na kutafuna vile viini, hasa watoto wadogo. Vinafanana na lozi kwa sababu lozi ni ukoo huohuo: mti wake unazaa tunda kama pichi iliyokauka, ya kijani yenye vinyweleo, na sisi tunakula kiini tu. Za dukani ni aina tamu isiyo na sumu hiyo ya kudhuru. Kiini kikiwa kichungu, tema.

#21 MamaVikombe

Wakuu nimerudi.

Leo alfajiri nilienda tena kwa yuleyule kijana. Sikwenda kugombana, nilibeba kisu changu kidogo tu. Nikamwambia naomba nikate moja, nalipa. Akasita, akatoa. Nikaipasua kwenye mstari, nikaizungusha. Haikuachia. Nikakwangua nyama, nikamwonyesha kokwa: mifereji hiyo. Nikamuuliza, hii nini? Akasema aprikoti. Nikamuuliza ameambiwa na nani. Akakiri kwamba aliyemletea mzigo alimwambia ni pichi ndogo, "lakini mama ukisema pichi ndogo watu wanataka bei ndogo."

Basi nikacheka mpaka wenzake wakageuka. Angalau kasema kweli.

Upande wa pili wa meza alikuwa na plamsi, zile nyekundu iliyokolea, bado zina ule unga. Nikapitisha kidole, ukafutika. Nikanusa, nikauma moja palepale: ngozi chachu, ndani maji yakanimwagikia kwenye kitenge, karibu na kokwa uchachu ukarudi kama alivyosema kaka wa Mgeta. Nikachukua ndoo kwa 18,000, na kikapu cha tufaha.

Nimempigia dada wa aprikoti, nikamwambia ukweli: aprikoti mbichi sina na hapa mjini sijaziona, nina plamsi. Kanyamaza kidogo, kasema "weka chupa nne, na uandike plamsi kwenye lebo." Nimeshaziwasha jikoni, dakika ishirini tu na tayari zinavuta kijiko. Fundi wa Sufuria, Mungu akubariki.

Makokwa nimeyaosha nimeyapanga dirishani, la pichi, la plamsi, na la embe la jana. Nikipata la aprikoti nitaliweka hapo.

#22 Mpenda Dezo

Hongera mama. Sasa tuje kwenye ajenda kuu: zile chupa tatu za pichi?

#23 MamaVikombe

Zimeisha. Nimezichanganya na plamsi kidogo nikazirudisha jikoni, zikashika. Majirani wamezimaliza kwa chapati.

#24 Mpenda Dezo

Nimeumia.